Kwa nini GP (geometric progression, mfuatano wa kuzidisha) inaitwa ya "kijiometri" na haina hata pembetatu moja? Nafundisha Alhamisi, nisaidieni

Mama Steshenari (Tandika) aliandika:

Wadau wa hesabu habari za usiku. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 38, nina kibanda cha steshenari huku Tandika. Fotokopi, laminesheni, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mambo hayo. Kidato cha sita nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), nikamaliza, maisha yakanichukua, na mtoto niliyempata mwaka ule sasa hivi ananizidi urefu. Mwaka huu nimejitosa chuo cha ualimu, somo la hesabu. Darasani naitwa Bi Mkubwa, wenzangu wengi wana miaka 21, 22. Sijali.

Kabla ya kupelekwa shuleni tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, mkufunzi anakaa nyuma na karatasi yake ya maksi. Mimi nimepangiwa GP, dakika 20. AP (ule mfuatano wa kujumlisha) hainisumbui kabisa, ile ni kibubu: kila siku unatupia mia tano, basi. GP kanuni yake naijua kama namba yangu ya simu, a × r^(n−1): a ni namba ya kwanza, r ni kizidishi, n ni namba ya ngapi unaitafuta. Na hilo ndilo tatizo lenyewe, naijua kama namba ya simu. Ukiniuliza kwa nini namba yangu inaishia na 47 sina jibu.

Jumapili nilifanya majaribio hapa kibandani na wanafunzi wenzangu wawili. Sijafika mbali kijana mmoja akanyoosha mkono: "Bi Mkubwa, mbona inaitwa ya kijiometri na hakuna pembetatu wala duara?" Nikacheka, nikamwambia endelea kunywa soda yako. Mwenzake naye akadakia: "Na kwa nini n−1, kwa nini isiwe n tu?" Nikamjibu "ndivyo ilivyo." Maneno yalipotoka tu mdomoni nikashtuka, maana ndiyo maneno yaleyale niliyojibiwa mimi nikiwa kidato cha tatu.

Sasa sikilizeni kisa cha jana. Amekuja mteja na cheti cha A4, anataka kipunguzwe kiwe nusu ya karatasi ili kiingie kwenye kitabu chake. Nikabonyeza asilimia 50, nikatoa. Kimetoka kidudu hicho! Baba wa watu akakishika kwa ncha za vidole, "Dada, mimi nimesema nusu, hii robo." Nikaona kweli, vinaingia vinne kwenye A4. Nikarudia, nikabonyeza 71 kama tunavyofanya siku zote tukitaka kurasa mbili za madesa ziingie karatasi moja. Kikatoka nusu sawasawa.

Alivyoondoka nikakaa chini. Miaka yote hii nabonyeza 71 na sijawahi kujiuliza kwa nini 71. Nikachukua kalkuleta, 0.71 × 0.71 ikaleta 0.5041. Nusu. Mwili ukanisisimka kidogo, nahisi kuna GP imejificha humu kwenye mashine yangu (mashine yenyewe siku hizi inalia kama bata, lakini hayo mengine). Ila kutoka hapo kwenda kwenye kanuni nimekwama. Kuna mtu anaweza kunishika mkono?

---

Kijana wa Pepa aliandika:

Bi Mkubwa usijitese. Andika kanuni ubaoni, fanya mifano mitatu, wape zoezi, kaa. Dakika 20 hazitoshi hadithi za fotokopi. Mtihani hauulizi kwa nini inaitwa hivyo, unauliza tafuta term (namba kwenye mfuatano) ya nane. Nimefaulu hivyohivyo mimi.

---

Fundi Mashine (Kariakoo) aliandika:

Dada yangu mimi hesabu niliishia kidato cha nne na sikuipenda, lakini hiyo 71 ni ya kwetu mafundi, acha nikuambie.

Chukua A4 ukaikunje katikati, unapata A5. Unganisha A4 mbili ubavu kwa ubavu, unapata A3. Hilo unalijua. Ambalo watu hawaligundui ni kwamba karatasi inabaki na umbo lilelile. A5 ni A4 iliyosinyaa, umbo halikuwa jembamba zaidi wala pana zaidi. Siyo kila karatasi inafanya hivyo. Wateja wako wakileta PDF zilizotengenezwa Marekani utaona maandishi yanakatwa au yanabaki na pengo, kwa sababu wao wanatumia Letter, 216 kwa 279 milimita. Kunja Letter katikati uone, inatoka ndefu yenye umbo lingine kabisa.

Ili umbo lisibadilike ukikunja, ubavu mrefu lazima uwe mara 1.414 ya ubavu mfupi, yaani kipeuo cha pili cha 2. Kuna Mjerumani mmoja, Lichtenberg, aliliandika jambo hili kwenye barua mwaka 1786. Baadaye mwaka 1922 Wajerumani wakalifanya kuwa kipimo rasmi cha karatasi, kazi ya mtu aliyeitwa Walter Porstmann. Ndiyo A zetu hizi.

Kwa hiyo mashine inakupa vitufe viwili: 141 kupanda kutoka A4 kwenda A3, 71 kushuka kutoka A3 kwenda A4. Asilimia ya mashine ni ya ubavu, siyo ya eneo. Ulipobonyeza 50 ulipunguza urefu nusu NA upana nusu. Nusu mara nusu, robo. Mteja wako alikuwa sahihi, samahani.

A0 wameipa eneo la mita moja ya mraba. A4 ni A0 iliyokatwa nusu mara nne, kwa hiyo ni moja ya kumi na sita. Ile "80 gsm" kwenye rimu ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Gawa kwa 16, karatasi moja ya A4 gramu 5. Rimu ya karatasi 500 kilo mbili na nusu. Ndiyo maana boksi la rimu tano linakuvunja mgongo ukishuka nalo kwenye daladala.

Na huo mlio wa bata ni rola. Niletee.

---

Mkongwe wa Chaki aliandika:

Marahaba mwanangu Mama Steshenari. Nimefundisha hesabu miaka 31, nimestaafu, niko Mbagala nafuga kuku. Kwanza nikupongeze kwa kushtuka. Walimu wengi "ndivyo ilivyo" haiwashtui hadi wanastaafu.

Kijana wa Pepa, sikugombezi, umri wako nami nilisema hivyohivyo. Lakini anayejua kanuni tu, swali likigeuzwa kidogo anatafuta kanuni nyingine.

Tuje kwenye jina. Fundi amekupa jibu lote bila mwenyewe kujua. Andika ubavu mfupi wa kila karatasi kwa milimita, kuanzia A4 kwenda juu: 210, 297, 420, 594, 841. Hiyo ni GP, kizidishi chake 1.414 au karibu yake, wamekata vipande vya milimita. Sasa chukua tatu za kwanza: 210, 297, 420. Chora mstatili wenye pande 210 na 420. Eneo lake 88,200. Chora mraba wenye ubavu 297. Eneo lake 88,209. Sawasawa, ile tisa ni ya kukata desimali. Yaani namba ya katikati ni ubavu wa mraba wenye eneo sawa na mstatili wa majirani zake wawili. Wagiriki wa kale hesabu zao waliziwaza kwa maumbo, na kuutafuta mraba ulio sawa na mstatili lilikuwa swali lao kubwa. Mmoja wao, Euclid, ana namna ya kuuchora kwa bikari na rula. Ndiyo jiometri unayoulizwa. Katika AP namba ya katikati ni nusu ya jumla ya majirani. Katika GP ni kipeuo cha pili cha majirani wakizidishwa. Mwambie huyo kijana wa soda: pembetatu huna, lakini mraba na mstatili unao.

Jambo la pili hukuuliza lakini utaulizwa, nalo ni kujumlisha namba zote za GP. Hapa nakuomba usianze na kanuni kabisa. Anza na Misri. Kuna gombo la mafunjo ambalo mwandishi aitwaye Ahmes alilinakili yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Leo liko London, linaitwa kwa jina la Rhind, Mskoti aliyelinunua Luxor mwaka 1858. Swali la 79 lina nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke ya ngano 2,401, na vipimo vya nafaka 16,807. Kila nyumba paka saba, kila paka panya saba, na kuendelea. Jumla yote 19,607. Pembeni Ahmes ameandika 2,801 mara 7, inaleta hiyohiyo 19,607.

Hiyo 2,801 ni nini? Ni 1 + 7 + 49 + 343 + 2,401. Umeona? Ukiitoa 7 nje ya mfululizo, kinachobaki ndani ni mfululizo uleule ulioanza hatua moja nyuma. Sisi leo tunafanya ujanja wa aina hiyo tukisema: iite jumla S. Zidisha yote kwa 7, kila namba inasogea kiti kimoja mbele. Toa S kutoka kwenye 7S. Wa katikati wote wanafutana, anabaki wa mwisho aliyekosa kiti (16,807 × 7) na wa kwanza aliyeacha kiti wazi: 6S = 117,649 − 7 = 117,642. Gawa kwa 6. 19,607. Kanuni ya kitabuni ni huo mchezo wa viti ukiandikwa kwa herufi.

Wafanyishe kwa miili yao. Wanafunzi watano mbele, kila mmoja ameshika namba, waambie wasogee. Mimi nilifanya hivyo kila mwaka na sijajuta ila mara moja, kiti kilivunjika.

---

Mama Steshenari aliandika:

Mwalimu nimesoma mara tatu. Fundi na wewe asante sana, nimeshindwa kulala, nimewasha taa ya kibandani saa tano usiku napima karatasi kwa rula kama kichaa. Mlinzi amekuja kuniuliza kama kuna tatizo.

Nimefanya hivi. Nimechukua A4 chakavu, nikaikata katikati, nusu nikaiweka mezani. Iliyobaki mkononi nikaikata tena katikati, nusu yake nikaiweka pembeni ya ile ya kwanza. Tena. Tena. Mara ya saba mkononi nimebaki na kipande kama stempu, na mezani vipande vyangu vimejipanga vinataka kurudi kuwa A4, pamebaki pengo dogo. Pengo lenyewe linalingana na kile kipande nilichoshika! Nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita... kila nikiongeza, pengo ni sawa na nilichoongeza mwisho, na haliishi, ila linakaribia kuisha. Kwa hiyo ile "jumla hadi infiniti" ambayo nilikuwa naiona kama uchawi ni karatasi moja ya A4 tu, hata ukikata hadi kiama hutatoka nje ya karatasi.

Kwa nini sikuonyeshwa hivi nikiwa na miaka 16? Mkasi tulikuwa nao.

n−1 bado. Naielewa nikiitazama, nikigeuka imekimbia.

---

Mhasibu wa Kikoba aliandika:

Mama Steshenari pole na hongera. Mimi siyo mwalimu, natunza daftari la kikoba chetu hapa Temeke, wanawake 25. n−1 mimi nimeijua kwa machozi, siyo kwa chaki.

Mwenzetu mmoja alikwenda kukopa kausha damu mahali, laki moja, riba asilimia 20 kwa mwezi. Akaja kwangu tumpigie hesabu. Nikamuuliza, riba inahesabiwa juu ya laki moja siku zote, au juu ya deni lilivyo? Hakujua. Na hilo ndilo swali lote.

Kama ni juu ya laki moja tu, kila mwezi inaongezeka elfu 20. Mwaka ukiisha bila kulipa chochote unadaiwa 340,000. Hiyo ndiyo AP yako, kibubu kilichogeuzwa kichwa chini. Kama ni juu ya deni lilivyo, kila mwezi unazidisha kwa 1.2. Mwezi wa kwanza huoni tofauti, zote 120,000, ndiyo maana watu wanaingia. Miezi minne 207,360, limeshajizidi mara mbili. Mwaka ukiisha 891,610. Laki tisa kasoro kwa laki moja!

Sasa n−1. Siku unayopokea hela mkononi unadaiwa laki moja, hakuna riba iliyoingia. Hiyo ndiyo namba ya KWANZA kwenye mfuatano, na umezidisha mara SIFURI. Mwezi ukiisha ndiyo namba ya pili, umezidisha mara moja. Kwa hiyo namba ya 12 kwenye mfuatano umezidisha mara 11 tu, ni 743,008. Mwaka ukiisha ni namba ya 13. Mimi nilimwambia yule mama 743,008, kumbe nimekosea kuhesabu kwa moja tu, na hiyo moja ni shilingi 148,602. Alinikumbusha hiyo hesabu miezi mingi.

Swali likisema "term ya 12" toa moja. Likisema "baada ya miezi 12" usitoe. Soma swali kama unavyosoma mkataba.

---

Kijana wa Pepa aliandika:

Haya hiyo ya term ya 13 nimeikosa kwenye mtihani kweli, sikujua kwa nini hadi leo. Nanyamaza.

Ila mumwambie pia r ikiwa hasi. 3, −6, 12, −24. Wengi wanasema siyo GP kwa sababu inaruka juu chini. Ni GP, r ni −2.

---

Mkongwe wa Chaki aliandika:

Umenena. Na r ikiwa 1, kanuni ya kujumlisha inakataa kwa sababu unagawa kwa r − 1, yaani sifuri. Mama, hiyo ni kitufe chako cha asilimia 100: kopi zote sawa, jumla ni a mara n, huhitaji kanuni. Usiisahau, wakufunzi wanaipenda.

---

Mama Steshenari aliandika (Alhamisi jioni):

Nimerudi chuoni sasa hivi, hata ushungi sijavua.

Sikuanza na kanuni. Niliingia na cheti cha bandia nilichochora mwenyewe na kopi zake mbili, ya 50 na ya 71. Nikauliza darasa: mteja anataka nusu, nimpe ipi? Darasa zima likasema ya 50. Nikaziweka juu ya A4 wakaona. Kelele ikawa kubwa mpaka mkufunzi akainua macho kwenye karatasi yake.

Nikawapa kopi zilizobonyezwa 71 mfululizo: ya kwanza haijabonyezwa, ya pili mara moja, ya tatu mara mbili. "Ya nane nimebonyeza mara ngapi?" Yule kijana wa soda ndiye alijibu: saba. Nikamwambia sasa iandike, akaandika mwenyewe ubaoni a × r^7, halafu akasimama na chaki mkononi akasema "aaa, n−1". Jamani. Nilitaka kumkumbatia lakini mimi ni Bi Mkubwa.

Deni la kikoba nililitoa mwishoni na wavulana wawili nyuma wakatazamana vibaya, nadhani wana mikopo ya simu. Viti sikufika, dakika zilikwisha. Jumla nimeambiwa nitaimalizia wiki ijayo, paka wa Misri wananisubiri. Kiingereza nilijikwaa mara mbili, mkufunzi ameandika, haki yake.

Lakini amenishika pabaya. Niliandika ubaoni 148, 210, 297, 420. Akasema: "Unadai A4 ni A5 mbili. 210 mara mbili ni 420, sawa, A2 imepatikana. Mbona 148 mara mbili ni 296 siyo 297? Milimita moja imekwenda wapi?" Nikamwambia nitamletea jibu. Sikusema ndivyo ilivyo!

Fundi, imekwenda wapi?

---

Fundi Mashine (Kariakoo) aliandika:

Hahaha, mkufunzi wako angefaa ufundi. 297 gawa kwa mbili ni 148 na nusu. Kipimo rasmi hakitunzi nusu milimita, kinaitupa, kinashuka chini. Hivyohivyo A0 ni 841 kwa 1189. Nusu ya 1189 ni 594 na nusu, wameandika 594. Na 841 nusu yake 420 na nusu, wameandika 420. Kila ukigawa namba witiwa unapoteza nusu milimita, haujadhulumiwa.

Mashine ilete Jumamosi asubuhi, Jumatatu sipo. Na utoe tona kwanza, mara ya mwisho imenimwagikia kwenye kanzu.